Nyumba ya Majivu

Mimi mtu wa kunihesabu simwamini, hata akija anacheka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hapa kambini Nakivale tumehesabiwa mara nyingi, na kila tukihesabiwa, posho inapungua.

Ndiyo maana Byaruhanga, fundi kutoka Mbarara, hakunikaa rohoni tangu siku ya kwanza. Eti mradi utatujengea nyumba za bei nafuu, za matofali ya udongo kama za majirani, zisitutenge na mtaa. Sawa. Lakini mbona anauliza nani analala wapi? Fundi gani huyo wa kutafuta habari za vitanda vya watu?

Mama mkwe wangu, Mukamurenzi, alikuwa ametufikia kutoka milima ya Uvira bila karatasi. Watu walisema wasio na karatasi wanarudishwa mpakani. Mume wangu Néhémie alikuwa kibaruani Mbarara, basi nikaamua peke yangu. Nikamficha mama kwa jirani yetu Belyse, nikamwomba asitoke.

Byaruhanga akamwaga majivu kiwanjani, akachora nyumba nzima kwa ukubwa wake, vyumba na milango.

"Kila mtu alale pale yeye nalala usiku," akasema. "Mimi najenga kufuata nyinyi."

Mtego huo, nikawaza. Nikalala chumba cha kwanza, nikamwonyesha fasi ya Néhémie, kando yangu.

"Na hii chumba ingine?"

"Hakuna mutu. Tuko babili tu."

Akachukua fagio akifute chumba hicho. Hapo mama akatoka kwa Belyse, kumbe alikuwa anachungulia. Hakukanyaga majivu. Alizunguka hadi penye mlango, akabisha hodi, akaingia chumba cha pili, akajinyoosha pale chini na mgongo wake mbovu. Uso ulimchangamka.

"Hapa pananitosha," akasema.

Byaruhanga akanigeukia. "Huyu nani?"

Macho yake yalikuwa yanamkagua mama, nami nikaona anamhesabu.

"Simujue," nikasema. "Ni mama muzee tu, anapita."

Mama alinitazama. Heri angenitukana. Akainuka polepole, akakung'uta kitenge chake.

"Anasema kweli, baba," akamwambia Byaruhanga. "Nimepotea. Nilizania ni kwa mutoto wangu."

Akatoka kwa mlango ule ule alioingilia. Byaruhanga akakifagia kile chumba.