Usijisumbue

Uji wa Verna ulikuwa umeshafanya ngozi juu, na kijiko kimesimama ndani yake wima kama askari aliyesahauliwa zamuni. Ardis Tollefson aliutazama kutoka kitandani kwake, upande wa pili wa chumba. Mkono wake wa kulia, uliofungwa plasta kuanzia vidoleni hadi kiwikoni, ulikuwa umelala juu ya blanketi kama mgeni ambaye hajasema ataondoka lini.

"Vumilia, Verna," alisema. "Watakuja."

Verna alimgeuzia macho. Kiharusi kilimpokonya maneno, kikamwachia macho, na macho ya Verna hayakuwahi kuwa ya upole. Kwa miaka mingi wanawake hawa wawili walipika pamoja katika jiko la chini ya kanisa, na kila sikukuu ya mavuno pai ya Verna ndiyo iliyokwisha kwanza. Ardis alikwisha kumsamehe. Karibu kabisa.

Tangu walipowekwa chumba kimoja katika makao haya ya wazee, Ardis ndiye aliyekuwa akimlisha. Hakuna aliyemwomba. Wasaidizi walikuwa wachache, wakikimbia ukumbini kama kuku waliomwona mwewe, naye alikuwa na mkono mzima na asubuhi ndefu. Alimpa Verna uji kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu na kumsimulia nani kanenepa, nani kaachika. Bakuli lilirudi jikoni tupu, na wakubwa wa makao wakaamini kwamba mambo yanakwenda. Sasa mkono umevunjika, na bakuli limerudi likiwa limejaa jana, na juzi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kuvunjika kwenyewe kulitokana na adabu. Watu wa sehemu hii ya Minnesota, wajukuu wa Wanorwe, hawapokei kitu mara ya kwanza. Ukikaribishwa kahawa unasema hapana, usijisumbue. Ukikaribishwa tena unasema, labda kama imeshachemka. Mara ya tatu unapokea nusu kikombe, ukijua kitajazwa. Anayekubali mara ya kwanza husemwa mpaka siku ya maziko yake, na siku hiyo pia, wakati wa kahawa.

Basi Alhamisi ile asubuhi Ardis alibonyeza kengele. Hodan, binti wa Kisomali aliyekuwa zamu, akachungulia mlangoni huku anahema.

"Bibi Ardis, nikupeleke chooni?"

"Aa, usijisumbue, mwanangu. Una kazi nyingi."

Kwao Hodan pia mgeni hubembelezwa, na siku nyingine angembembeleza. Lakini kengele za ukumbi mzima zilikuwa zikimlilia. Akatabasamu, akaenda. Ardis akakaa akisubiri kuulizwa mara ya pili. Akabonyeza tena. Taa iliyo juu ya mlango ikawaka, ikaendelea kuwaka, wala hakuja mtu. Mwisho kibofu kikakata shauri, akainuka mwenyewe, na sakafu ikampokea bila kumbembeleza hata kidogo.

Renae, bintiye, alipokuja Jumapili baada ya ibada, aliukuta mkono umeumuka kama unga wa mkate. Ndipo ikapigwa picha, ndipo ikawekwa plasta. Na leo alikuwa hapa tena, koti hajavua, anazunguka baina ya vitanda viwili.

"Mama, meneja kaniambia usoni: 'Mama yako alikataa msaada.' Kasema kama aliyekariri."

"Ni kweli nilikataa."

"Ulikataa mara ya kwanza!"

"Sasa ulitaka nikubali mara ya kwanza? Watu wangenionaje?"

Renae alijishika kichwa. "Umelala na mfupa uliovunjika tangu Alhamisi mpaka Jumapili."

"Nilimwambia nesi."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba si vibaya sana."

"Mama! Baba alipoanguka zizini kwa ugonjwa wa moyo, wewe ulitupigia simu ukasema hivyo hivyo."

"Na alikuwa bado anapumua," alisema Ardis kwa heshima ya marehemu.

Renae aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na pua ya baba yake, nayo iligeuka nyekundu kama ya baba huyo kila alipojizuia kulia. "Sikiliza. Wakili anasema tuna haki ya kuona kila walichoandika kuhusu matibabu yako. Tuna haki ya kutaka wachunguzwe, hata kwenda mahakamani. Lakini leo anakuja mtetezi wa wazee, yule wa serikali, na huyo hawezi kuinua kidole mpaka wewe useme ndiyo. Mimi nikisema haitoshi. Lazima useme wewe."

"Watamfukuza Hodan."

"Hodan peke yake na ukumbi mzima, kosa liwe lake? Waseme wao kwa nini hawakuweka watu."

"Na mimi nitakaa nao hapa, Renae. Wewe utarudi kwako. Mimi ndiye nitakayewatazama usoni kila asubuhi, bibi mlalamishi wa chumba cha mwisho."

 Renae alimpapasa mama yake vidole vilivyochungulia kwenye plasta, kimoja kimoja, kama mtu anayehakikisha vyote vimerudi nyumbani.

Mtetezi alipofika alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kubembeleza ng'ombe, Bi Delgado, aliyeletwa kaskazini na ndoa kutoka Texas. Alimwomba Renae atoke nje, kwa kuwa mazungumzo haya ni ya mzee mwenyewe. Akavuta kiti, akafungua mkoba.

"Mama Tollefson, ukiniruhusu, nitayafuata haya mpaka mwisho. Usiponiruhusu, siyagusi, na ulichoniambia kinabaki kwangu. Unataka niyafuate?"

"Aa, usijisumbue, mwanangu. Una safari ndefu, na theluji hii."

Bi Delgado aliitikia kwa kichwa. Amefundishwa, tena amefundishwa vizuri, kwamba mzee asisukumwe. Na kwao Texas hapana ni hapana. "Nimekuelewa, mama. Ni uamuzi wako, nami nauheshimu."

Akafunga mkoba.

Ardis alisubiri. Mwanamke yule alivaa kofia. Alivaa glavu moja, akaitafuta ya pili, akaipata. Hakuna dalili yoyote usoni mwake ya mtu atakayeuliza tena. Kwa mara ya kwanza maishani Ardis alilisikia neno lake likienda na kutorudi. Hapana yake ilizaliwa katika majiko yenye viti vingi na birika jekundu, mahali ambapo daima palikuwa na mtu wa kusema, "Haya, kikombe kidogo tu." Ilihitaji watu wa kuibembeleza, na humu ndani watu hao hawakuwekwa zamu.

Alimtazama Verna. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka pembeni. Na yale macho yalikuwa yamemkazia yeye kama alivyokaziwa siku moja jikoni kwa kusahau chumvi.

"Ngoja," alisema Ardis.

Bi Delgado aligeuka mlangoni.

"Niulize tena."

"Unataka niyafuate?"

Uso uliwaka moto, kana kwamba amevua nguo mbele ya mchungaji. "Ndiyo," alisema, na kwa kuwa alikwisha kuaibika, akaona aendelee. "Na uanze na huyu. Hajala."

"Naye pia lazima nimuulize mwenyewe." Bi Delgado aliinama, akauchukua mkono wa Verna. "Mama, ukikubali, nibane kidole."

Verna hakungoja hata sentensi iishe. Bi Delgado aliguta, kidole kimebanwa.

"Huyo ndivyo alivyo," alisema Ardis. "Hajawahi kuwa na adabu." Na machozi yakamtoka, naye akayaacha, kwa sababu mkono wa kuyafuta ulikuwa mzito.

Bi Delgado alitoka ukumbini, na sauti yake ya Texas ikasikika ikidai chakula cha moto, sasa hivi, tafadhali. Aliporudi alivua kofia, akavua na koti. Ardis akamweleza habari ya kengele, na taa iliyowaka bure, na Verna asiyegeuzwa kitandani hadi kitako kikachubuka. Alisimamisha maneno kidogo, akitazama kama dari litaanguka. Halikuanguka. Akaeleza pia habari ya mashuka yasiyobadilishwa, kisha ya mwanamume wa chumba jirani anayeita jina la mkewe bila kujibiwa, na sauti yake ikapanda kidogo kidogo mpaka ikafika mahali asipopajua.

Kupitia kioo cha mlango alimwona Renae, paji la uso limeegemea ukuta wa ukumbini, mabega yanatikisika. Hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Hakumwita. Alivuta pumzi, akajisogeza vizuri kwenye mto, akaendelea.