Kikombe cha Tatu cha Shangazi Zenebech

Jamani, amekunywa kikombe cha tatu! Ngoja, nianze mwanzo.

Jumapili shangazi yake Binyam, mpenzi wangu, alikuja hapa kwetu Debre Birhan kunitazama. Akinikubali, wazee watatumwa kuniposa. Asiponikubali, basi tena. Binyam hana mama, na shangazi Zenebech ndiye mwenye neno.

Shida ni mikono yangu. Mwaka jana korona ilinilaza wiki tatu kwenye mashine ya kupumulia. Nikapona. Ila hisia za vidole na nyayo hazikurudi. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeumia, labda itaamka, labda haitaamka. Sikulia. Nilikuwa nawaza tu nitashikaje kalamu, mtihani wa mwisho chuoni uko karibu.

"Usimwambie," Mama alisema huku akitandaza majani mabichi sakafuni, kama desturi ya kahawa ya mgeni. "Kaa kwenye kigoda, usitembee-tembee. Birika shika kwa mikono miwili."

Nikakaanga buni, nikatwanga kwa kuegemea mchi kwa uzito wa mwili. Kikombe cha kwanza kikapita salama. Cha pili nikamwaga kidogo, Mama akacheka kwa sauti kubwa mno.

Hapo kaa la moto likaruka kutoka kwenye jiko la kahawa, likatua kwenye majani. Nikaliokota kwa vidole, nikalirudisha taratibu.

"Wee!" Shangazi akapiga makofi. "Mikono ya mpika mkate wa injera hiyo! Wasichana wa chuo siku hizi hata sufuria wanashika kwa taulo. Mwanangu, lete mkono niuone."

Akauinua mkono wangu aubusu. Ngozi ya kidole changu ikabaki kwenye kidole chake.

Tukaitazama wote. Mimi pia niliitazama, kama mkono wa jirani.

"Hauumi?"

"Ni mvumilivu sana huyu," Mama akadakia.

"Si uvumilivu, shangazi," nikasema. "Sisikii kitu. Tangu korona. Na miguu pia. Kopo la maji likijaa siwezi kulinyanyua."

Mama akafunika uso kwa shuka lake la mabegani. Shangazi akaweka kikombe chini. Kikombe cha tatu, cha baraka, kilikuwa bado, na mgeni akiinuka kabla yake hana haja na nyumba hiyo tena. Nilimwona akitafuta viatu kwa macho. Nikahesabu vikombe kwenye sinia. Sita. Sikuhisi kitu, hata moyo.

"Binyam anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye hunifungia vifungo vya koti."

"Mjinga yule!" Akasonya. "Ananiacha nije mikono mitupu? Si angesema nibebe dawa ya kuungua!"

Akachana pindo la shuka lake jeupe, jipya kabisa, akanifunga kidole. Kisha akavuta birika upande wake. Mgeni, nyumbani kwetu, kamimina kahawa ya tatu mwenyewe!

"Shangazi, acha, ni aibu," Mama akasema.

"Aibu ya nani? Nyie mlitaka kuniuzia mbuzi guniani. Kaa hapo unywe."

Wazee wanakuja baada ya Pasaka. Mishipa je? Hakuna ajuaye.

Siku ile Shangazi alikunywa polepole, mkono mmoja kikombe, mwingine umenishika mimi hadi tone la mwisho. Nilijua amenishika kwa sababu nilikuwa naangalia.