Kombe la Blanchard

Vita vilipozidi, Bunia ilibaki na makocha wawili tu wa mpira: Hippolyte na mshindani wake wa siku zote, Blanchard. Wengine walikimbilia Aru. Hata hivyo viongozi wa ligi walishikilia kwamba kocha bora wa mwaka lazima apatikane, kwa kanuni ileile ya zamani: makocha wachaguane wenyewe, na asiwepo wa kujichagua.

Siku ya kura risasi zilifunga njia, Blanchard akashindwa kuvuka mji. Hippolyte alikaa peke yake mbele ya sanduku, roho ikimchemka, akaandika jina pekee aliloruhusiwa kuandika. Blanchard akawa mshindi. Viongozi wakamkabidhi Hippolyte kombe, amtunzie mwenzake mpaka atokee.

Miezi ikapita, Blanchard hajatokea. Kila jirani aliyeingia alimpongeza Hippolyte, naye kila mara akaeleza upya, huku amekunja uso, kwamba kombe si lake.

"Baba Glodie," mkewe Anastasie akamuuliza, "kama angefika siku ile, angechagua nani?"

"Miye. Tulikuwa tu wawili."

"Basi mungelingana. Hakuna mwenye angelipata."

"Najua. Tungegombana mpaka jioni, na kesho yake tungeanza tena." Alilifuta kombe vumbi kwa mkono wa shati, kwa hasira, kama mtu anayemnawisha mtoto mkaidi. "Sasa miye nitagombana na nani?"