Ujazo wa Pili

"Geuza gari," nilimwambia kaka.

Alinitazama kupitia dirishani kama mtu aliyesikia kuku akitoa amri. Muuzaji wa magari, aliyekaa kando yake akinukia marashi, akacheka. "Dada, tangi limeshajaa. Mashine ile pale inasema lita sita na nusu. Unataka nini tena?"

Nilitaka gari ligeuzwe. Mama alikuwa kiti cha nyuma, ameegemea mlango, na sikuwa tayari kuona anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Miezi miwili kabla ya hapo, daktari alituambia kwamba figo za mama zimechoka. Ingebidi aende hospitali mara tatu kwa wiki akasafishwe damu kwa mashine, kilomita arobaini kwenda na arobaini kurudi, maisha yake yote. Magari ya kukodi yalitutesa. Wiki moja hatukupata hata moja, mama akakosa siku mbili. Miguu ikavimba hadi kandambili zikakataa kuingia, na pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida. Niliogopa sana. Ndipo mimi na kaka tukaamua kuchanga tununue gari letu.

Kaka alikuwa na cheo benki, na macho yake yalikuwa na cheo pia. Alilipenda lile kubwa tangu tulipoingia uani kwa muuzaji: jeusi, refu, viti vya ngozi. "Mama atakaa kama malkia," alisema. Nikamwambia malkia asiye na mafuta hulala nyumbani. Kando yake palikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, ambalo kaka aliliita kiberiti. Muuzaji aliapa kwamba lile jeusi linakwenda kilomita kumi na mbili kwa lita moja. Mimi nilikuwa nimeshika bomba la mafuta kituoni kwa miaka minane. Magari ya aina ile nilikuwa nayajua kwa sura, maana yalikuwa yakirudi kujaza kabla sijawasahau wenyewe.

"Wewe kazi yako kujaza," kaka alinijibu. "Kununua tuachie wanaojua magari."

Iliniuma, nikameza. Niliomba jambo moja tu: tujaze tangi hadi bomba likatike lenyewe, twende mpaka hospitali na kurudi, kisha tujaze tena. Kitakachoingia mara ya pili ndicho gari lilichokula. Mama akasema naye anakuja, aonje kiti.

Tulijazia pampu ya kwanza. Tuliporudi, muuzaji alimwelekeza kaka kwenye pampu ya mwisho, eti kwingine kuna foleni. Foleni yenyewe ilikuwa pikipiki moja.

Niliposhuka, visigino vyangu viliniambia kila kitu. Pale sakafu iliinama kuelekea mtaro wa maji ya mvua, na mdomo wa tangi ulikuwa upande wa chini. Gari likiinama hivyo, mafuta hukimbilia mdomoni, hewa ikabaki ndani, na bomba hukatika mapema, kama lilivyokatika sasa kwenye lita sita na nusu. Ni kosa la mfanyakazi mgeni siku ya kwanza kazini. Muuzaji hakuwa mgeni. Tulikuwa tunapigwa changa la macho.

"Geuza," nikarudia. "Liweke pale tulipojazia mwanzo. Nikiwa nimekosea, nitanyamaza mwaka mzima."

Kwa ahadi hiyo, kaka akaliwasha.

Mhudumu wa pale, mwanamke wa rika langu, alinikonyeza akaingiza bomba. Lita moja. Mbili. Muuzaji akatoa simu yake akaanza kuisoma kwa bidii. Lita tatu na nusu zilipoingia, ndipo bomba likakatika.

"Kwenye tangi lililojaa," nikasema.

Kaka alipiga hesabu midomo ikimcheza. Lita kumi kwa kilomita themanini. Nane kwa lita moja, si kumi na mbili. Kwa mafuta tuliyoyamudu, safari tatu za mama zingekuwa mbili.

Nilijivuna, sikatai. Tuliporudi uani, nililiendea lile gari dogo, kiberiti cha kaka, kidevu kikiwa juu. Tulilijaribu vilevile, sakafu nikachagua mimi. Lita tano. Tukalinunua hilo.

Kwa miaka sita iliyofuata mama hakukosa siku hata moja.

Kaka si mtu wa kuomba samahani, na hakuniomba. Ila Jumatatu ya kwanza aliliosha gari mwenyewe, akamfungulia mama mlango. Hospitalini muuguzi alishangaa. "Leo mmewahi! Mmekuja na nini?"

"Gari la binti yangu," mama alisema.

Lilikuwa letu wawili, na fungu kubwa alitoa kaka. Nilimtazama, nikingoja amsahihishe. Alikuwa amechuchumaa akimvua mama viatu.

"Ni la huyu," akamwambia muuguzi bila kuinua kichwa. "Mimi dereva tu."