Chupa ya Rangi Mbili

Mume wangu ni fundi cherehani, na kuhusu rangi haambiliki. Alipokuja maabara kunichukua twende kula, nilimwomba aniandikie lebo ya chupa, maana mwandiko wangu hausomeki. Akaandika: "Kijani."

"Hiyo ni nyekundu," nikasema.

"Mama watoto, macho haya ndiyo yanayotulisha."

Damu ikanichemka. Kilichomo chupani nimekitengeneza mwenyewe: maji yenye chembe za dhahabu ndogo kuliko vumbi, kila moja nimeivika ganda la madini kama ya chipu za simu. Tulibishana hadi njaa ikaisha, yeye ameligeuzia dirisha mgongo, mimi nimelikabili, chupa mezani kati yetu.

Ndipo nikakumbuka dirisha. Chembe zile humeza mwanga wa rangi moja na kutawanya wa rangi nyingine. Mimi niliona uliopenya chupa. Yeye aliona uliorudishwa.

Nikavuta kiti nikakaa ubavuni pake. Chupa ilikuwa kijani kibichi.

"Umeshindwa?" akauliza.

"Nenda kakae kule kwangu kwanza."

Akaenda, akatazama. Kisha akaongeza kwenye lebo: "Nyekundu kwa mke wangu."

Siku hizi tukikorofishana nyumbani, watoto husikia kiti kikiburutwa.