Mita za Mraba Arobaini

Nashoni alikuwa fundi mzuri, na ubaya wa fundi mzuri ni kwamba hakuna anayethubutu kumkagua. Alipopewa kazi ya kujenga baraza la mbao kwenye loji moja ya watalii kando ya mto kule Ikoma, mita nane kwa tano, hakushika hata kalamu. Mita moja ni futi tatu na kidogo. Ndivyo mafundi wenzake walivyozoea kusema, na hicho kidogo walikimalizia kwa jicho. Basi nane ikawa futi ishirini na nne, tano ikawa kumi na tano, eneo likawa futi za mraba mia tatu na sitini. Mbao zilikuwa za upana wa inchi sita, yaani nusu futi, kwa hiyo alihitaji urefu wa futi mia saba na ishirini. Kwisha habari.

Loji ilitaka mvule, nao katika maduka ya mji wa Mugumu ulikuwa umeadimika. Lakini nyumbani kwao Kemambo ilisimama mivule miwili iliyopandwa na marehemu baba yake, mmoja kando ya zizi, mwingine pale alipozikwa. Mama yake, Mokami, alikubali ule wa zizini ukatwe.

"Wa baba yako usinigusie," alisema. "Huu mmoja utatosha?"

"Utatosha, mama. Nimeshapiga hesabu."

Mti ukatoa mbao zake kamili, zikakaushwa, zikapelekwa Ikoma. Nashoni akazipigilia moja moja huku akipiga mluzi, mpaka rundo likaisha na baraza halijaisha. Upande wa mtoni palibaki mwanya wa karibu mita moja, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Felix, meneja wa loji, akaja akautazama. "Hapa wageni watakanyaga hewa?"

Nashoni alichukua futi kamba akapima upya, na hapo ndipo alipoona alichofanya. Kile kidogo alikuwa amekiacha kwenye urefu, kisha akakiacha tena kwenye upana, na alipozidisha, upungufu nao ukazidishwa. Zilitakiwa futi mia nane na sitini.

"Nataka mvule uleule," Felix alisema. "Ukishindwa niambie, nitafute fundi mwingine abomoe aanze upya."

Nashoni alirudi Kemambo akamkuta mama yake uani, amekaa kwenye mkeka, anapepeta ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemaliza kazi?"

Akamweleza yote, mita na futi, urefu na upana. Mama akaweka ungo chini.

"Uliniambia umepiga hesabu."

"Nilikisia, mama."

Alitaka kuongeza kwamba ataiacha kazi, mti wa baba ubaki. Hakuweza kulisema, kwa sababu aliutaka ule mti, na aliona aibu kuutaka.

"Kakate," mama akasema. "Usije ukaitwa fundi wa kubomolewa. Ila unachohitaji ni kidogo, na mti ule ni mkubwa. Mbao zitakazobaki ni za jeneza langu."

"Maneno gani hayo, mama?"

"Nilijua nitalala pale karibu na baba yako, kivulini. Kivuli unakwenda kuwapa wageni. Basi mimi nipe mbao."

Akasogeza ungo pembeni, akajilaza chali kwenye mkeka, akanyoosha miguu na kuivuta khanga ifunike magoti.

"Toa futi kamba yako. Nipime sasa, nikiwa naona."

"Mama, tafadhali."

"Nipime, Nashoni."

Akapiga magoti. Akaivuta futi kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, na mara ya kwanza utepe ukamponyoka. Mara ya pili aliisoma namba vizuri kabisa.

"Ngapi?"

Akafungua mdomo, sauti isitoke. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye khanga ya mama yake.

Mama alingoja, macho ameyafumba.

"Pima tena," akasema, "mpaka uweze kuniambia."