Uwazi Kati ya Mivinje

Bi Pasi akiwa na jambo lake, usisimame mbele yake. Miaka ishirini na miwili alifua na kupiga pasi kwenye jumba la yule waliyemwita Tajiri, akiingia kwa mlango wa nyuma na kutokea huko huko. Sasa Tajiri kafa, watoto wameuza, mji umenunua, na kiwanja chote kimekuwa bustani ya watu kupumzika. Lango la mbele li wazi. Bi Pasi alilipita katikati kabisa, polepole, makusudi, bintiye akimvuta mkono.

"Mama, sogea basi, watu wanataka kupita."

"Wazunguke. Mimi nimezunguka sana."

Bustani ilikuwa tulivu, hilo halina ubishi. Watu walikuwa wamejilaza kwenye nyasi ambazo zamani ukizikanyaga unafukuzwa kazi. Lakini yeye hakuja kulala. Alikuja kuiona mivinje nyuma ya jumba, safu ndefu aliyoipanda marehemu mumewe, mtunza bustani, akiimwagilia kwa debe begani mpaka bega likaota sugu. Mzee yule hakuacha nyumba wala shamba. Aliacha miti ile tu.

Chini yake walimkuta mwongoza wageni na kikundi chake. Shati lake safi, ila kola imepigwa pasi vibaya. Bi Pasi aliliona hilo kwanza.

"Mivinje hii," kijana alisema, "Tajiri aliipanda kwa mikono yake mwenyewe. Na huu uwazi katikati aliuacha ili kila jioni atazame jua likizama. Jumatatu tunaweka bamba la kumbukumbu hapa, lenye jina lake."

"Mwongo!"

Wageni waligeuka. Bintiye alitamani ardhi impasukie.

"Yule hajawahi kupanda hata mchicha!" Bi Pasi alisema. "Na hilo jua lako linazama wapi, mwanangu? Huko ni mashariki!"

Watu wakacheka. Kijana akajikuna kichwa. "Bibi, mimi nimepewa maandishi. Kama una ushahidi, ulete."

"Mimi mwenyewe ndiye ushahidi!" Lakini kijana alikuwa ameshawasogeza wageni wake mbele.

 Nyumbani ndipo Bi Pasi alipomtolea bintiye siri aliyoificha tangu ujana, maana ingejulikana wakati ule wangefukuzwa wote wawili, yeye na mumewe. Kila Jumatatu alikuwa anaanika mashuka kumi na manne. Miti ikarefuka, kivuli kikafunika kamba, mashuka yakaanza kunuka uvundo. Siku moja mke wa Tajiri akamtupia shuka usoni mbele ya watumishi wote, akamwambia likinuka tena, atafute kazi kwingine.

"Baba yako aliliona lile shuka likinipiga uso.  Kesho yake aliamka kabla ya watu, akakata miti minne, na wiki ile akang'oa na visiki. Tajiri alipouliza, akamwambia imeliwa na mchwa."

"Kwani ilikuwa na mchwa?"

"Mchwa wa miguu miwili, mwanangu!" Wakacheka mpaka machozi, na ya Bi Pasi hayakuwa ya kucheka yote. "Aliikata miti yake mwenyewe kwa ajili yangu. Leo waandike ni Tajiri alikuwa anatazama jua? Thubutu!"

Jumatatu asubuhi aliingia tena kwa lango la mbele, beseni kichwani. Alifunga kamba mvinje hadi mvinje, kukatiza uwazi, akakamua shuka jeupe lililoloa maji, akalianika. Askari wa bustani alikuja mbio.

"Bibi, hairuhusiwi kuanika nguo hapa!"

"Hapa ndipo pa kuanikia. Nitaliondoa likikauka."

"Nitaita wakubwa."

"Waite, na viti uwaletee."

Mwongoza wageni alifika na kikundi kipya, na fundi wa bamba nyuma yake. Kila mahali chini ya mivinje palikuwa na kivuli. Jua la asubuhi lilipita pale kwenye uwazi tu, likaangukia shuka lote, toka pindo hadi pindo. Baraza ya jumba ilitazama upande mwingine kabisa.

"Kwa nini shuka liko hapa?" mgeni mmoja aliuliza.

 Kijana alitazama jua, akatazama baraza, akamtazama yule mama aliyesimama mikono kiunoni.

"Mwulizeni yeye," alisema.

Bi Pasi aliwaeleza yote, mashuka, uvundo, lile shuka usoni, mchwa. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, hata askari alikuwa amevua kofia.

Fundi alikuwa bado ameshika nyundo. "Sasa hili bamba nilipigilie au nisipigilie?"

"Lirudishe," kijana alisema. "Wakubwa nitaongea nao mimi." Akatoa kalamu. "Mama, nitajie jina la mzee."

Bi Pasi alilitaja la mumewe, na la baba na babu wa mumewe, kwa sauti ya kusikika hadi langoni. Akamwambia kijana alisome alivyoandika, akamrekebisha herufi moja, akamwambia asome tena. Kisha akaligeuza shuka upande wa pili, maana lilikuwa bado bichi.